Mahudhurio ya Miti

Kiseke, Mwanza
10 Novemba 2024

Baba,

Shikamoo. Mashimba kaniambia kwamba siku hizi hata ukiwekewa simu sikioni unaitikia tu "ndiyo, ndiyo" bila kusikia kitu, halafu unamrudishia huku umeridhika. Kaka yangu anacheka, mimi sikucheka. Basi nimerudi kwenye kalamu. Barua nitampa kondakta wa basi la Magu pale stendi ya Nyamhongolo, na Mashimba ataipokea barabarani.

Nimepata kazi. Tangu ziwa lilipopanda mwezi wa tano na kuingia mpaka mapokezi ya hoteli niliyokuwa nikifanya kazi, nimekaa hapa Kiseke nikihesabiwa na majirani kama mgonjwa. Sasa nimeajiriwa na kampuni inayopeleka wageni Saanane na Serengeti. Bosi wangu anaitwa Bwana Nathaniel.

Wageni wetu wana jambo linalowasumbua. Wanakuja kwa ndege, ndege inatoa moshi, na wamesoma kwamba moshi ule unaongeza joto na kuvuruga mvua. Wanaona haya. Kwa hiyo kampuni inataka kila mgeni apande mti, na eneo lenyewe lilindwe, ili miti na nyasi vinyonye moshi ule tena. Bwana Nathaniel anatafuta mahali karibu na ziwa. Nikamtajia ngitili yetu, lile eneo la malisho ya akiba.

Kinachotakiwa ni kimoja tu: ifungwe, ng'ombe wasiingie. Ukikubali, mimi ndiye nitakayesimamia mradi wote. Atakuja na karatasi za kusaini. Tafadhali, Baba, ifikirie.

Binti yako,
Odeta


Magu
17 Novemba 2024

Odeta,

Marahaba. Mwandiko wako umeharibika. Herufi zako zinaegemeana kama walevi wanaotoka sokoni, na ni mimi niliyekufundisha. Lakini nimesoma yote mara mbili, na nimefurahi kwamba umepata kazi.

Habari ya moshi wa ndege nilimsimulia jirani yetu Kashindye. Akaniandikia swali lake mchangani kwa fimbo, maana naye amechoka kunipigia kelele: kwa nini wasibaki kwao? Nikamwambia hilo halikuulizwa kwenye mtihani.

Kuhusu ngitili, umekaa mjini mpaka umesahau mambo ya nyumbani. Ngitili hufungwa kila mwaka, mwanangu. Mvua zikianza tunawaondoa ng'ombe, nyasi inakua bila kuguswa, na kiangazi kikikolea tunafungua wakapate cha kuwavusha mpaka mvua nyingine. Babu yako alifanya hivyo. Mwaka huu nimeifunga wiki iliyopita. Kwa hiyo Nathaniel wako anakuja kuomba jambo ambalo limeshafanyika, na kwa hilo nani atamkatalia?

Alifika juzi na karatasi. Kiingereza chake ni cha mahakamani, nikasoma ukurasa wa kwanza, nikachoka, nikasaini kwa sababu jina lako lilikuwemo.

Kiranja hajambo. Ana mimba, na bado hakubali ng'ombe mwingine atangulie njiani. Mama yako alimlea ndama yule kwa mkono wake mwaka ule wa mwisho, nadhani ndiye aliyemfundisha kiburi.

Baba yako,
Mwl. Shigela


Kiseke
12 Januari 2025

Baba,

Shikamoo. Wageni wanakuzungumzia mpaka leo. Ulivyowanyang'anya majembe na kuwapanga mstari kama darasa la tatu, halafu ukawakagua mikono kama wameshindilia udongo vizuri. Bwana Nathaniel amesema hajawahi kuona mradi ukianza vizuri namna hii.

Nakutumia picha. Huyu mwenye kofia ya majani ni Bibi Birgit. Yeye hakupanda kwa jina lake, alipanda kwa jina la mjukuu wake, Tobias, mtoto mwenye pumu. Aliniambia anapanda ndege kuja kwetu huku akijua kwamba hewa ndiyo inayomtesa mjukuu wake, na kwamba jambo hilo linamkosesha raha. Alilia, Baba. Nilimshika mkono. Naomba umwangalie Tobias kwa namna ya pekee.

Nimepewa dawati langu ofisini, karibu na dirisha. Ukisimama unaliona ziwa. Si lile ziwa la kuingia ndani, namshukuru Mungu.

Odeta


Magu
9 Machi 2025

Odeta,

Marahaba. Taarifa ya mahudhurio ni kama ifuatavyo.

Kila asubuhi nikitoka na fimbo yangu napita kwenye mistari ya miti na kusoma vibao vya majina ya wageni. Mwanzoni nilikuwa nasoma kimoyomoyo, sasa naita kwa sauti, na Kashindye anasema uzee umeingia rasmi. Helga yupo, ana majani mapya. Wale ndugu wawili, Pierre na Luc, wapo, ila Luc ameinama. Yule bwana mnene aliyepanda huku anapigwa picha, mti wake ni mtoro, umeng'olewa na ngiri. Tobias ameaga. Mchwa walimaliza mizizi. Nilimwagia majivu, haikusaidia. Niliumia kuliko nilivyotarajia kuumia kwa mche.

Nyasi ni nzuri sana. Nathaniel akija anaipiga picha kuliko miti.

Nimeanza kukata miiba. Nikifungua mwezi wa nane nataka kila mti uwe umezungushiwa, ng'ombe wasije wakamkanyaga Helga wa watu. Mwambie Nathaniel asiwe na wasiwasi, tutawachunga kwa zamu. Mwaka huu tutafungua mapema kidogo, maana kule mbugani chini, walikokuwa wakila kiangazi, ziwa halijarudi nyuma. Pamekuwa matete na viboko.

Kiranja amezaa. Ndama dume. Nimemwita Monita.

Baba yako


Kiseke
4 Mei 2025

Baba,

Shikamoo. Hongera kwa Monita. Nimecheka peke yangu ofisini mpaka wakaniuliza.

Pole kwa Tobias. Bibi Birgit ameandika kuomba picha, anataka kumpa mjukuu siku yake ya kuzaliwa. Nimefikiri hivi: karibu na pale kuna mgunga mchanga ulioota wenyewe, mzuri tu. Mwambie Mashimba ahamishie kibao pale, apige picha, anitumie. Mtoto mgonjwa hana haja ya kuambiwa habari za mchwa. Si uongo mkubwa, mti ni mti.

Kuna kundi lingine mwezi ujao, wengi kuliko la kwanza. Bwana Nathaniel anataka niende Arusha kwenye mkutano, nikaeleze mradi. Nimeshona gauni.

Mambo mengine tutaongea nikija.

Odeta


Magu
6 Julai 2025

Odeta,

Marahaba. Kibao cha Tobias kipo mahali pake. Mashimba alikuwa ameshakishika, nikamwambia akirudishe. Katika miaka yangu yote ya kufundisha, mara mbili niliita majina ya watoto waliofariki, kwa bahati mbaya, kwa sababu nilikuwa sijawafuta. Darasa zima liligeuka kutazama dawati tupu. Sitaki kufanya hivyo kwa kusudi. Mwandikie bibi yake ukweli, nami nitapanda mti mwingine kwa jina lilelile, kwa mkono wangu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hukunijibu. Nilikuandikia habari ya kufungua, wewe ukanijibu habari ya gauni. Nakufahamu tangu ulipokuwa ukificha daftari la hesabu chini ya kitanda. Kuna nini?

Mvua za masika zilikuwa chache, uliziona. Nyasi za nje zimekwisha. Watu wa vitongoji vya jirani wanakuja kuniuliza nitafungua lini, kwa maana wao pia wana haki ya siku zao humo ndani, tunavyogawana siku zote. Nimewaambia katikati ya mwezi wa nane. Nimefunga shule muhula baada ya muhula maisha yangu yote, na sikuwahi kufunga bila kuwaambia watoto siku ya kurudi.

Baba yako


Kiseke
27 Julai 2025

Baba,

Shikamoo. Hakuna kitu, ni kazi tu zimenibana.

Naomba jambo moja. Mwezi wa tisa wanakuja wakaguzi kutoka Ulaya, watu wanaothibitisha kwamba moshi umenyonywa kweli. Wakikuta nyasi imeliwa, mradi wote unaanguka, na mimi ndiye msimamizi. Subiri wapite. Ni wiki chache tu. Wakishapita nitazungumza na Bwana Nathaniel na mambo yatakaa sawa.

Waambie majirani nimeomba mimi. Wananipenda, watasubiri.

Odeta


Magu
5 Oktoba 2025

Odeta,

Majirani wamesubiri. Nimesubiri. Wakaguzi wako wamekuja na wamekwenda, na leo nakuandikia nikiwa na hasira, kwa hiyo utanisamehe nikikosea nukta.

Yule kijana wa kizungu alipiga magoti kwenye nyasi akaipima kwa rula, akasimama anatabasamu. Nyasi ilimfika kiunoni. Upande wa pili wa uzio wa miiba ng'ombe wetu walikuwa wamesimama, na sikuwa na haja ya masikio kujua kwamba wanalia, niliona shingo zao. Ulipita karibu na Kiranja ukiwa na viatu vyako vyeupe. Hukumtazama. Mbavu zake zinahesabika. Monita tulimzika wiki moja kabla, maziwa yalikatika. Sikukuandikia kwa sababu nilijua unakuja, nikataka nikuambie ana kwa ana. Lakini hukufika nyumbani. Uliingia kwenye gari na wageni mkaondoka.

Kisha kuna lile ulilouliza. Ulisimama mbele yangu, mbele ya wageni wote na Nathaniel, ukasema maneno marefu, halafu ukatikisa kichwa kama wa kukubali. Nami nikatikisa kichwa. Wote wakapiga makofi. Nilikuitikia kwa sababu ni wewe uliyeuliza. Tangu siku ile Mashimba hanitazami usoni, na nikimwomba aniandikie kilichosemwa anaweka kalamu chini, anasema aandike aliyesema.

Uliniuliza nini, Odeta?

Nimefikiri pia juu ya huu moshi. Kama nilielewa barua yako ya kwanza, ndege zao ni moja ya sababu za mvua kuvurugika. Mvua zikivurugika, nyasi inakosekana. Na nyasi iliyobaki inafungwa ili waweze kupanda ndege tena bila kuona haya. Naomba unionyeshe ng'ombe wangu waliingia wapi kwenye hesabu hii, maana hakuna hata mmoja aliyewahi kupanda ndege.

Baba yako


Kiseke
19 Oktoba 2025

Baba,

Shikamoo. Nimeandika barua hii mara nyingi na kuichana. Nitaandika upesi kabla sijaichana hii pia.

Niliuliza hivi: "Baba, uko tayari kuendelea kuifunga kwa miaka thelathini, kama ulivyosaini?" Nilijua hutasikia. Nilitikisa kichwa kwanza makusudi, kwa sababu nilijua utanifuata.

Ni miaka thelathini. Imo kwenye karatasi, ukurasa wa nne. Mwanzoni sikujua kwamba hatujaelewana. Wewe uliponiandikia "nimeifunga" mimi nilisoma "nimekubali", na nilipoandika "ifungwe" wewe ulisoma kufunga kwa kila mwaka. Nilielewa ulipotaja mwezi wa nane, kwenye barua ya mahudhurio. Nilishtuka mpaka nikatoka nje ya ofisi. Nilipaswa kukuambia siku ile ile. Badala yake nikakuandikia habari ya gauni.

Sina la kujitetea. Niliogopa kukaa tena bila kazi. Wewe hukuniona mwaka jana, Baba, nilivyokuwa naamka kwenda kusimama mbele ya ile hoteli, maji yapo magotini kwenye mapokezi, samaki wanaogelea chini ya meza yangu, na mimi nimevaa sare. Nilienda hivyo karibu mwezi mzima. Majirani walikuwa na haki ya kuniona mgonjwa.

Kuhusu Monita sikujua. Kiranja nilimwona. Nilishindwa kumtazama, ndiyo maana sikutazama.

Naona aibu kuandika hili linalofuata, lakini naliandika. Usifungue. Bwana Nathaniel amesema nyasi ikiguswa wageni watapelekwa kwingine, na mimi nitakuwa nimejifukuza mwenyewe. Redio inasema mvua za vuli zimechelewa tu. Ng'ombe wakivuka mwezi mmoja watapona.

Odeta


Magu
7 Desemba 2025

Odeta,

Marahaba, mwanangu. Hukunisalimu vibaya hata siku moja, hilo naliandika kwanza.

Barua yako ilipofika Kiranja alikuwa bado anasimama mwenyewe. Niliisoma, nikaikunja, nikaenda kukaa nayo kwenye kaburi la mama yako. Hasira niliyokuwa nayo ilinitoka nilipofika pale penye samaki chini ya meza. Sikuwa najua kama ulikwenda kusimama kwenye maji. Nikasema, huyu ni mtoto wangu, mwezi mmoja hautaniua. Mashimba aligombana nami. Kashindye aliacha kuja hapa. Nikafunga mdomo na nikafunga ngitili.

Mvua haikuja. Mawingu yalikuwa yanapanda juu ya ziwa kila mchana, tunayaona, halafu yanamwagikia hukohuko ziwani. Ng'ombe walianza kulala na kushindwa kuinuka. Tuliwainua kwa magogo, mimi, Mashimba na vijana wa Kashindye. Kiranja hakutaka kuinuliwa. Alijikokota mwenyewe mpaka kwenye uzio, tukamkuta asubuhi kichwa chake kimepita katikati ya miiba, kimelala upande wa nyasi. Mdomoni hakuwa na kitu. Shingo haikufika.

Nilitoa ile miiba kwa mikono yangu siku hiyohiyo. Sikumwita mtu wala sikumuuliza mtu. Ng'ombe waliobaki waliingia polepole, kama wanaogopa kufukuzwa, na mimi nilikaa chini nikalia, nakuambia ili ujue.

Nathaniel alikuja na magari mawili na mwenyekiti wa kijiji. Alisema mengi, nadhani kwa sauti kubwa, kwa sababu mishipa ilimtoka. Nilimwonyesha mwenyekiti ng'ombe wake watatu waliokuwa wanakula mbele yetu, basi mwenyekiti akakumbuka ana kikao. Nathaniel aliandika kwenye karatasi kwamba tutaonana mahakamani. Nikamsahihishia tahajia nikamrudishia. Nitakwenda. Nimesaini, na nitakubali kwamba nilisaini. Lakini nitamwambia hakimu anitafutie mzee mmoja kando ya ziwa hili anayefunga ngitili bila kujua siku ya kuifungua.

Miti niliyoizungushia miiba imebaki mingi kuliko nilivyotegemea. Mingine imekanyagwa. Sitakudanganya, wala wewe usiwadanganye wenye miti. Mti mpya wa Tobias niliupanda karibu na nyumba, naumwagia maji ya kunawia. Mwandikie bibi yake kwamba wa kwanza ulikufa na huu ni wa pili.

Sasa mahudhurio. Nimeita leo asubuhi, miti na ng'ombe pamoja, kwa kuwa sasa wamo darasa moja. Helga yupo. Pierre yupo. Luc amekanyagwa, lakini chini pana chipukizi, nimemweka kwenye wagonjwa. Katika ng'ombe wamebaki kumi na mmoja. Kiranja nimemfuta, Monita nimemfuta. Kashindye alikuja kusimama mlangoni mwa ngitili, nikamwita naye, akanyoosha mkono.

Mwisho nikaita Odeta. Niliita mara mbili, nikaelekea upande wa barabara. Kama uliitikia, mimi sikusikia. Masikio yangu unayajua. Njoo uitikie hapa, mbele yangu, nikuone mdomo.

Baba yako,
Shigela